Mahindi ya Mama Katika Kitanda cha Mbao

Mwezi wa kumi hapa Richardson, Texas, watu huvaa masweta kwa imani. Jua linakaanga lami, kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi, lakini kwa kuwa kalenda imesema majira yamebadilika, jirani yangu anatoka nje na mtandio wa sufu shingoni, jasho linamtiririka, na mkononi ana kahawa iliyotiwa ladha ya boga. Boga lenyewe halimo. Nimekaa hapa miaka ya kutosha kujua kwamba mambo mengine hayaulizwi.

Nina kipande cha bustani ya jumuiya, kama dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani. Hapa hata nyanya unaifuata kwa gari. Vipande viko vingi, kila kimoja kimezungushiwa mbao kama kitanda cha mtoto, na udongo ndani yake umenunuliwa dukani kwenye mifuko, kwa sababu ule uliokuwepo tangu Mungu aumbe Texas inasemekana haufai. Nilikiomba kipande hicho baada ya kuchoka kula mchicha uliolala. Mume wangu, mtu wa Mombasa aliyezaliwa na kukulia mjini, alinitakia kila la heri. Kwake mboga ni kitu kinachopita mlangoni kichwani mwa mama fulani anayeita, na kama hakipiti basi leo hakuna mboga.

Mama alikuja mwaka ule ule baba alipofariki, baada ya kumaliza eda. Mimi na kaka yangu anayekaa Sugar Land, huko Houston, tulikuwa tumeshafanya kikao cha ukoo kwenye simu, wajumbe wawili, na kupitisha kwamba mama hawezi kubaki peke yake Muheza. Kilichobaki ni nani atakaa naye. Kaka akasema kwake kuna joto na unyevu, mama atajiona yuko Tanga kabisa. Mimi nikasema kwangu kuna shamba. Nilitumia neno hilo bila kupepesa macho. Nikashinda.

Alisafiri peke yake. Tulimwombea kiti cha magurudumu, kama tunavyowaombea mama zetu wote, si kwa sababu hawezi kutembea bali kwa sababu anayesukuma kiti anajua milango ya kiwanja cha ndege na mama haijui. Akatokea pale Dallas amekaa kama malkia, mkoba mapajani, na aliponiona akasimama, akamshukuru kijana kwa Kiswahili, akatembea kwa kasi kuliko mimi. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu nusura apige kelele za muujiza.

Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alikaa dirishani. Wiki ya tatu akaniuliza watu wako wapi.

"Watu gani, mama?"

"Watu. Wenye nyumba hizi zote. Naona magari yanatoka, naona magari yanaingia. Mtu sijamwona."

Nikamweleza kwamba watu wamo ndani ya magari. Akanitazama kwa huruma, akaniambia anashukuru sana, amenisalimia, amewaona wajukuu ambao wakisemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza kama wanaohojiwa polisi, na sasa anaomba arudi kwake. Mimi nilikuwa nimepanga abaki moja kwa moja. Karatasi ningezishughulikia, chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi. Nilitaka nikitoka kazini maabara nimkute mama yangu sebuleni, nimwamkie shikamoo, aitikie marahaba kwa mdomo wake na si kwa ujumbe wa sauti. Sikuwa na hoja nyingine. Na hoja hiyo, kwa mwanamke aliyezika mume na ana nyumba yake na kuku wake, ilikuwa haitoshi. Kwa hiyo Jumamosi nikampeleka bustanini.

Tulikuta watu wote wanang'oa. Yule anang'oa bamia, huyu anang'oa nyanya zenye matunda mabichi bado, mwingine anatandaza majani makavu juu ya udongo na kuupigapiga kama anamlaza mtoto. Mama akasimama katikati ya njia, kanga mabegani, akaangalia kushoto na kulia.

"Hawa wamepatwa na nini?"

"Msimu umekwisha, mama. Wanalaza bustani mpaka mwakani."

"Umekwisha vipi na mwezi huu ni wa kumi?"

Hapo ndipo nilipaswa kukaa chini, nichore dunia, nimwonyeshe jua linakokwenda. Lakini mama amelima Muheza maisha yake yote, na Muheza mwezi wa kumi ndio mvua za vuli zinaanza, na anayeng'oa wakati huo ana matatizo yake binafsi. Nilimwambia kwamba hapa kuna baridi, inakuja ghafla, inaua kila kitu.

"Baridi ipi?" aliuliza, huku anajipepea kwa ncha ya kanga.

Na kweli sikuwa na ushahidi. Hata mimi blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni. Wiki hiyo hiyo, kama kwa kunikomoa, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, mvua nzito ya radi, na mama akashinda barazani anaisikiliza. Ilipokatika akaniomba jembe. Nikamletea kile kijikoleo kidogo wanachouza hapa, cha mpini wa kijani. Akakigeuzageuza, akauliza wajukuu wanachezea nini sasa kama mimi nimekichukua.

Mbegu nazo zilikuwa na kesi yake. Mahindi yanayouzwa hapa kwa kupanda ni ya njano, na mama kwa mahindi ya njano hana mjadala. Hayo ni mahindi ya njaa, ya msaada, yaliyoletwa kwenye magunia mwaka wa shida, na hawezi kupanda shida kwa mkono wake. Nikampigia kaka. Kaka, ambaye kwa kuwa na duka la Wameksiko karibu na kwake anajiona waziri wa kilimo, akanunua mahindi meupe ya kupikia, akayatuma. Mama akayatandaza mezani, akachagua manene ya katikati ya gunzi, akayafunga kwenye kitambaa kibichi na kuyaweka chini ya sinki. Mume wangu alifungua kabati kutafuta sabuni, akalifunga taratibu.

"Mama watoto," aliniita pembeni, "kuna kitu kime-germinate kule chini. Nisi-touch?"

"Usiguse."

"Sawa. Nilikuwa na-confirm tu."

Tulipanda Jumapili. Mama alipiga mashimo kwa kisigino, akaweka punje, akafukia kwa vidole vya mguu, mstari umenyooka kana kwamba kuna kamba. Katikati akaweka kunde. Pembeni akapanda maboga, si kwa ajili ya maboga bali kwa ajili ya majani yake. Majirani wa bustani walikuwa wamesimama na magunia yao ya mimea waliyong'oa, wanatutazama kwa ule upole wa Kitexas ambao ni afadhali mtu akutukane. Mwenyekiti wa bustani, mama mstaafu mwenye kofia pana, akaja kumweleza mama kwa Kiingereza cha polepole na sauti ya juu kwamba wakati si wenyewe. Mama akamjibu kwa Kiswahili cha polepole na sauti ya juu kwamba wakati ni wenyewe kabisa, na kwamba asijali, akikosa mbegu atamgawia. Wakashikana mikono. Walielewana vizuri kuliko mimi na binti yangu.

Ndani ya gari, wakati anapangusa udongo miguuni, mama akasema, "Basi. Nitakaa mpaka nivune, halafu unipeleke kwetu."

Nikashika usukani nikapiga hesabu. Mahindi yanataka miezi mitatu, na haya, kwa jua linavyopungua, yangetaka zaidi. Hapo katikati kuna mwaka mpya, kuna siku za kuzaliwa za watoto, na mtu akishakaa muda huo wote anazoea, anapata sufuria yake na kiti chake. Sikusema tena habari za baridi. Nilimwambia ni wazo zuri sana.

Mahindi yakaota. Yakaota yote, nadhani kwa kuogopa. Mwezi wa kumi na moja ulipofika katikati na joto lake lisilo na aibu, yalikuwa yananifika kiunoni, mabua manene, majani yanang'aa, msitu mmoja wa kijani katikati ya vitanda vilivyolazwa chini ya majani makavu. Mama akawa mtu mwingine. Asubuhi alikuwa amevaa kabla sijapata chai. Akagundua lundo la mboji, pale watu wanapotupa mimea waliyong'oa, akakuta mabunda ya majani ya viazi vitamu, mabichi kabisa, matembele yametupwa na watu wazima wenye akili zao kama takataka. Nilisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa bustani nikadhani ameumwa na nyoka. Siku hiyo tulirudi na matembele buti nzima. Akayapika kwa nazi, akampelekea mwenyekiti kwenye kibakuli. Mwenyekiti akala, akafumba macho, kisha akaniuliza ni mmea gani huu adimu. Nikamwambia ni ule alioung'oa juma lililopita kwa mkono wake.

Kaka alipiga kila Ijumaa.

"Mahindi yanaendeleaje huko kwenye friji?"

"Vizuri tu. Mama amenawiri."

"Mlete huku, dada. Huku angeshakuwa anachoma mahindi. Unamtesa bibi wa watu."

"Wewe una bustani?"

"Nina balcony."

Nikakata simu. Mwisho wa mwezi mwenyekiti alinifuata tena, safari hii bila tabasamu, kunikumbusha kwamba mimea ya kiangazi inatakiwa iwe imeondolewa. Akaniuliza kama nimemweleza mama. Nikasema nimemweleza. Akauliza mama amesema nini. Nikamwambia ukweli, kwamba mama amesema ni wao waliochelewa. Akacheka mpaka akavua kofia, akaenda zake, na sikusikia tena habari ya kuondoa.

Kisha baridi ikaja. Wasioijua baridi ya Texas wanadhani inakuja kama mgeni anayebisha hodi. Mchana watu wako kwa fulana. Saa tisa upepo unageuka, unatoka kaskazini, na kabla hujarudi na watoto kutoka shule miti imeinama na simu za nyumba nzima zinapiga kelele pamoja kutoa tahadhari. Nilikuwa kazini. Nikaomba ruhusa, nikasema nina mgonjwa, nikaenda nyumbani kukusanya mablanketi.

Nilichukua yote. Nilichukua la kitandani kwetu, la harusi, zito, lenye simba, ambalo mume wangu analipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

"Yaani hayo mahindi yajifunike blanketi langu," alisema mlangoni, mikono kiunoni, "halafu mimi ni-freeze na sweta? Wallahi hii ni mpya."

"Ni usiku mmoja tu."

Nilisimika fito, nikatundika mablanketi, nikayabana kwa vibanio vya nguo, nikaweka mawe pembeni. Mama alikaa ndani ya gari na kipasha joto kimewashwa, anaangalia. Hakushuka. Nilidhani ni baridi inayomzuia. Asubuhi, kabla ya kazi, nikaenda kufunua, na mahindi yalikuwa hai. Nilipiga vigelegele peke yangu kwenye bustani tupu, na mbwa mmoja akanijibu.

Haukuwa usiku mmoja. Kila jioni nikitoka maabara napitia nyumbani, nampakia mama na mablanketi, tunakwenda kufunika. Kila asubuhi naenda kufunua ili yapate jua. Maboga yalikufa, yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kunde zikafuata. Nikaongeza mashuka. Nikaongeza taa ndogondogo za Krismasi, sisi Waislamu, kwa sababu mtu mmoja kwenye mtandao alisema zinatoa joto. Ukipita barabarani ungedhani nimefungua baa. Mabua ya pembezoni yalishika ukungu na kulala, lakini ya katikati yalisimama, yakatoa mbelewele, yakatoa ndevu. Niliwapigia watu simu kuwaambia habari za ndevu. Kila nikimtazama mama ndani ya gari, ametulia tu, anatuangalia, mimi na mahindi, kwa namna moja.

Jumapili moja, baada ya baridi kali kuliko zote, anga safi na jua la uongo lisilochoma, alishuka. Alinikuta nafunua lile la simba. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanachakacha yakiguswa, ila mabua matatu ya katikati yalikuwa na kijani bado. Nikamwonyesha.

"Unaona, mama? Haya yamepona. Tuyape muda tu."

Akashika kibunzi cha bua la kwanza, akakiminya kwa kidole gumba toka juu mpaka chini, jinsi anavyofanya, bila kukimenya. Akashika cha pili. Cha tatu hakukigusa.

"Hayana kitu," alisema.

"Bado, mama. Yanachelewa kidogo."

"Mwanangu. Yamekufa tangu juma lile. Unafunika maiti." Hakuwa mkali. "Nilikuwa nakuacha kwa sababu nakuonea huruma. Kila jioni, umetoka kazini hujala, unahangaika na mavibanio. Nikasema mwache, ana lake moyoni."

Nikajitia kukunja blanketi. Mimi ambaye kwa kila mtu nina jibu, ambaye nimewahi kumnyamazisha daktari bingwa mbele ya wanafunzi wake, nilikunja blanketi pembe nne na kulikunjua na kulikunja tena. Halafu nikasema, maana hakukuwa na njia nyingine, "Nataka ukae, mama. Sitaki urudi kukaa peke yako. Sitaki siku moja nipigiwe simu."

"Najua."

"Basi kaa."

Akainama, akashika bua la karibu, akaling'oa. Lilitoka kirahisi, mzizi na bonge la udongo wa dukani. Akaligonga kwenye mbao, udongo ukadondoka.

"Kaburi la baba yako nililipalilia mara ya mwisho siku moja kabla ya kusafiri," alisema. "Na mvua imenyesha huko. Vuli ya mwaka huu ni nzuri, wameniambia. Nyasi zitakuwa zimenifika hapa." Akagusa paja.

"Si wapo kina mjomba? Nitapiga simu, watapalilia."

"Watapalilia wanavyopalilia jamaa. Wanapita siku wakikumbuka." Akang'oa bua jingine. "Watoto wake wote wawili wako Texas. Mimi nikibaki huku, tutakuwa tumehamia sote, tumemwacha yeye."

Nilisimama na blanketi langu la simba. Siku ile tulipomzika baba, ninasema tulipomzika kwa sababu sijui kusema vinginevyo, alikuwa amefariki alfajiri na kuzikwa baada ya Adhuhuri, kama inavyotakiwa, na hakuna ndege inayokimbia hivyo. Niliangalia kwenye simu, nimeegesha gari nyuma ya hospitali, nimevaa koti la maabara. Aliyeshika simu kule alikuwa anasukumwa na umati. Niliona migongo ya watu, niliona viatu, niliona kanzu, niliona mbingu kwa muda mrefu. Halafu ikakatika. Nikarudi kazini, sampuli zilikuwa zinasubiri.

"Mama," nikasema, "mimi sijui hata liko wapi."

"Makaburini. Pale pale kwetu."

"Ndiyo, lakini wapi? Upande gani?"

Akanitazama. Nadhani hakuwahi kulifikiria hilo, kwamba kuna mtoto wa mtu asiyejua. Hakusema pole, na ninamshukuru, maana ningelia pale mbele ya mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshafika na toroli lake na anajifanya hatuoni. Mama akang'oa mabua yaliyobaki, yote, hata yale matatu ya kijani, akayaweka pembeni. Akasawazisha udongo kwa viganja mpaka kitanda kikawa tambarare. Kisha akachukua ncha ya bua akaanza kuchora.

"Hii ni barabara ya kutoka stendi. Huu ni msikiti. Hapa unaingia, kuna uwazi tu, hakuna geti. Babu yako huyu hapa. Bibi yako. Huyu ni yule dada yenu aliyefariki mchanga, hamkumwona." Alikuwa anaweka vijiwe. Alichora mstari mwingine, akarudi nyuma, akaufuta, akauchora tena vizuri zaidi.

Nilipiga magoti kwenye majani makavu. Nikanyoosha mkono mpaka mahali nilipodhani ndipo alipo baba.

"Hapa?"

"Hapana. Sogea," alisema mama. "Sogea tena kidogo. Hapo."